Tuta la Mzazi

Wanawake wa hapa Mulongwe wakinunua nyanya inayong'aa kupita kiasi, wananiletea mimi kwanza. "Mama Faida, tazama hii, iko na dawa?" Ati nina macho ya kuona sumu. Sina. Ningekuwa nayo, nisingekunywa sumu kiangazi kizima kutoka mkono wa mtu anayenipenda, tena nikisema asante kwa kila bakuli.

Nawaonyesha namna ya kuosha, basi. Lakini wakishaondoka na beseni zao najisikia nimewapa nusu ya habari. Hiyo nusu nyingine naiandika hapa, kwa ajili ya yule anayeanguka na hajui kwa nini anaanguka, na kwa ajili ya wale wanaokaa naye nyumba moja wakimwogopa. Mambo ya udaktari msiyatafute kwangu. Siyajui, na waliokuwa wakiyajua mwaka ule walikuwa wamekimbia.

Ilikuwa baada ya uhuru, waasi walipouchukua mji wetu wa Uvira. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Mume wangu Bahati alikuwa amevuka ziwa kwenda Usumbura kuuza ndagala, dagaa wetu wa huku, na njia ikafungwa nyuma yake: barabarani bariere za waasi, ziwani mitumbwi imekatazwa. Nikabaki kwa wakwe. Mle ndani tulikuwa na mama mkwe wangu, ambaye mtaa wote ulimwita Mama Bahati. Wifi yangu Furaha, aliyekuwa hajaolewa. Baba mukubwa Zakaria, kaka wa marehemu baba mkwe, mkubwa wa ukoo na mwimbaji wa kanisani mwenye sauti ya kuamsha maiti. Na mimi na tumbo langu.

Mama Bahati alikuwa mzaliwa wa Runingu, kule kwenye tambarare ya Ruzizi walikokuwa wakilima pamba. Mwanamke mfupi, mkavu, anayesema kwa sauti ya chini hata akiwa na hasira. Tangu tumbo langu lianze kuonekana, alianza kulima tuta kando ya mto. Kwa ukoo wao iko hivi: mke wa mtoto akipata mimba ya kwanza, mama mkwe anamlimia tuta moja la lengalenga, mchicha wetu. Linaitwa tuta la mzazi. Hakuna mwingine anayelichuma, hata nyumba ikiwa na njaa, na mkono wa kuchuma ni wa mama mkwe peke yake. Kila siku tangu ajifungue, mzazi anakula majani yale na kunywa maji yaliyochemshwa nayo, yote, mpaka chini ya bakuli, ili damu irudi na maziwa yashuke. Na majani yenyewe hayaoshwi. Yanakung'utwa tu. Wazee walisema ukiyaosha, unatupa maziwa ya mtoto mtoni.

Kuna desturi nyingine, na hiyo si ya ukoo mmoja, ni yetu sote huku. Anayekupa chakula anaonja kwanza mbele ya macho yako. Ndiyo namna ya kusema, hakuna kitu humu, kula kwa amani. Ukikataa chakula kilichoonjwa, umeshamwita mwenyeji wako mlozi hata kama hukufungua mdomo.

Nilijifungua kiangazi kinaanza. Mtoto wa kike, Faida, mweusi tii, na kelele za kutosha nyumba mbili. Nikaingizwa chumba cha nyuma. Mzazi wa kwanza kwa ukoo ule hatoki nje ya uzio, hashiki maji baridi wala kisu, mpaka mtoto acheke na watu. Siyo kucheka usingizini. Kucheka macho kwa macho.

"Pumzika, mukamwana," Mama Bahati aliniambia. "Siku atacheka, utatoka."

Nani asiyetaka kupumzika? Nilijinyoosha kama mke wa mzungu. Chumba kilikuwa na mlango mmoja, na mlangoni niliona mafiga, kuku watano wa Mama Bahati, na kipande cha uzio wa matete. Hiyo ndiyo dunia niliyopewa. Nyuma ya matete nilisikia vijana wa waasi wakipita wakiimba, na wanawake wakinyamaza ghafla walipopita. Halafu Mama Bahati anaingia na bakuli, anachota kijiko kimoja, anameza, anafungua mdomo nione, ananipa. Supu ilikuwa tamu, nisidanganye. Majani yalikuwa mazuri ajabu, hayana tundu hata moja la mdudu. Nilimsifu. Akatazama chini kwa aibu kama msichana.

Ugonjwa ulianza kwenye kope. Jicho la kushoto lilicheza asubuhi, likacheza mchana, likakataa kuacha. Furaha akapiga makofi. "Kope ya juu au ya chini? Ya juu inaita mgeni! Bahati anarudi!" Tukacheka. Baadaye vidole vikaanza. Kisha nikawa mtu wa kushtuka: mfuniko ukianguka jikoni, mwili mzima unaruka na moyo unakimbia. Kichwa kiliniuma kama kimefungwa kamba. Nikasema ni vita, kila mtu anashtuka.

Siku ya kuanguka mara ya kwanza siikumbuki, na hilo ndilo linaloudhi. Nakumbuka nilikuwa nakunja nepi. Kisha nakumbuka ladha ya chuma mdomoni, kikwembe changu cha kiunoni kimelowa, na Furaha amesimama mlangoni analia, hataki kuingia. Walikuwa wamenitia kijiko kati ya meno nisijing'ate. Nilikuwa nimeng'ata ulimi hata hivyo, na kijiko kikanivunja jino la mbele. Pengo hili mnaloliona nikicheka ni la kijiko, siyo la ugonjwa. Kwa hiyo ninyi mnaokaa na mtu wa kuanguka, vijiko vyenu viacheni jikoni. Mlazeni ubavu, muondoeni motoni, mngojeeni.

"Nilifanya nini?" nikamuuliza Furaha.

"Ulijitupa. Shingo ilirudi nyuma. Mikono ikapigapiga hivi, hivi, na miguu ikachimba mukeka. Kisha povu." Akajifuta mikono kwenye nguo yake ingawa hakuwa amenigusa. "Iko kifafa, Mama Faida."

Kwetu watu walisema povu la kifafa linaambukiza. Si kweli, lakini nani angewaambia? Nikapewa sahani yangu na kikombe changu. Mtoto wangu akaondolewa mkekani mwangu nisije nikamwangukia. Akiletwa kunyonya, Furaha alikaa nyuma yangu akinishika viganja, amegeuza uso pembeni, na nilimnyonyesha mwanangu nimeshikwa kama mwizi wa mbuzi. Akishiba, anachukuliwa. Faida naye alikuwa anabadilika. Kelele zake zilipungua. Kidevu kilimtetemeka akinyonya. Alinitazama bila kunitazama, na hakucheka. Watoto wa rika lake waliokuwa wakiletwa kutusalimu walikuwa wameshaanza kuchekea kila mtu, hata mbuzi. Wangu hapana.

Walinitoa mara moja tu, nimefunikwa vikwembe kichwa mpaka miguu, kwenda dispansere. Tulikaa kwenye benchi tangu jua linachomoza. Wapiganaji waliojeruhiwa walipita mbele, na nani angewaambia wapange foleni? Mwanamke wa pembeni yangu aliniuliza ninaumwa nini. Furaha akamjibu mapema mno, mjinga yule, na benchi lote likasogea. Nikabaki na nafasi ya kulala. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuja na kikapu chake cha machungwa kumpelekea mgonjwa. Alinitazama, akamenya moja, akaja akakaa palepale walipohama watu, akanitia kipande mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Sijui jina lake mpaka leo, na nikiomba Mungu namtaja kama Bibi wa Machungwa. Enfirmie, mwuguzi wa pale, alipofika kwangu, alikuwa amechoka kuliko mimi. Alisema ni kifafa cha uzazi, itaisha yenyewe. Akanipa vidonge vyeupe vilivyobaki chini ya chupa. Nilivimaliza na sikuona tofauti.

Basi tukaingia dawa nyingine. Nilichanjwa paji la uso, alama ziko hapa. Nikafukizwa moshi wa majani mpaka nikatapika. Baba mukubwa Zakaria akaja na waimbaji wenzake wakaniombea, na sauti yake iliponipasua masikio nikaanguka hapohapo katikati ya wimbo, aibu gani hiyo. Kiangazi kilikauka. Vumbi la barabarani lilikuja mpaka juu ya mkeka wangu. Maziwa yalipungua, kwa hiyo bakuli likaongezwa: sasa asubuhi na jioni.

Katikati ya kiangazi Mama Bahati alifiwa na dada yake. Akapata ruhusa ya vijana wa bariere, akaenda Runingu kwa matanga. Tuta la mzazi halina mkono mwingine wa kulichuma, kwa hiyo nilikula bugali na ndagala kama watu wote. Kope ikatulia. Kichwa kikafunguka. Mara moja tu nilianguka mwanzoni, kisha sikuanguka tena. Jioni moja Furaha alisahau kunishika viganja, tukajikuta tunazungumza habari za mchumba wake, na mtoto yuko mikononi mwangu. Nililia kimyakimya asije akakumbuka.

Mama Bahati akarudi, macho yamevimba kwa kilio, na kabla ya kukaa alikwenda mtoni kwenye tuta. Akaniletea bakuli. Akaonja, akafungua mdomo, akanipa. Kabla ya Jumapili nilikuwa chini tena, na bega limetoka mahali pake.

Msifikiri mimi tu ndiye niliyekuwa na akili ya kuhesabu hayo. Baba mukubwa Zakaria alikuja akasimama mlangoni.

"Alipoondoka ulipona," alisema. "Amerudi, umeanguka. Kikulacho kiko nguoni mwako, mukamwana."

"Baba mukubwa, mama anaonja kila siku mbele yangu."

"Mulozi haonji? Anaonja. Iko na dawa yake ya kujikinga." Akateremsha sauti, jambo ambalo kwake ni mwujiza. "Sema neno moja tu. Vijana wako hapo barabarani."

Nilijua maana ya vijana. Mwezi ule mtaa wa pili walikuwa wamemchukua mama mmoja muuza mafuta ya mawese, wakisema kwamba ameloga watoto wa jirani yake. Walimpeleka upande wa mtoni na hakurudi. Watoto wake walianza kuomba unga nyumba kwa nyumba.

Na sasa niwaambie ukweli, kwa sababu pengine na wewe unayesoma umelala mahali unamwogopa anayekulisha. Nilianza kumwogopa. Nilimtazama mkono ule mkavu ukishika kijiko, nikajiuliza nimemkosea nini. Ati kwa sababu nimezaa msichana? Ati ananipenda sana mbele za watu? Nikinywa, naanguka, na mtoto anafifia kifuani mwangu. Nikikataa, nimemuua mama wa mume wangu kwa mdomo uliofungwa. Kutoka siwezi, mtoto hajacheka. Kurudi kwetu siwezi, barabara imefungwa. Kumwandikia Bahati siwezi, ziwa limefungwa. Nilikuwa nikilisikia bakuli likigusana na kijiko jikoni, najisogeza ukutani kabla mtu hajaingia. Halafu anaingia, anatabasamu, anaonja. Nikanywa. Kila asubuhi na kila jioni nilikunywa, Mungu wangu, mpaka chini.

Ningeweza kufa hivyohivyo kwa adabu. Lakini Zakaria hakuningojea. Alitangaza kwamba Jumapili baada ya kanisa ukoo utakaa uwanjani, na Mama Bahati atapika chungu kizima kutoka tuta lilelile, atakula chote mbele ya watu. Akiwa mzima, mdomo wa mtaa utafungwa. Akianguka, au akikataa, vijana watakuwa wameshuhudia. Aliwaalika wawili.

"Nitakula mpaka chungu chenyewe," Mama Bahati alisema, kwa sauti yake ya chini. "Minye siko na kitu ya kuficha."

Jumapili asubuhi niliachwa peke yangu chumbani. Mama Bahati alikuwa mbele ya mafiga anachambua lengalenga, na Zakaria amemwekea shangazi wawili wa kumlinda asije akabadilisha kitu. Hakuna aliyeruhusiwa kusema naye. Alikuwa akitupa mabua na majani ya chini pembeni, na jogoo na mtetea wake wanagombania. Alikuwa na kuku watano kiangazi kikianza. Walikuwa wamebaki wawili. Wote tulisema ni kideri.

Nilikuwa natazama tu, maana ndiyo kazi niliyobakiwa nayo. Mtetea mwekundu akakatisha uwanja mpaka karibu na mlango wangu. Akasimama. Kope yake ikacheza. Akaruka kama ameitwa jina. Kisha akajitupa ubavu, shingo ikarudi nyuma, mabawa yakapigapiga hivi, hivi, na miguu ikachimba vumbi.

Sijawahi kujiona nikianguka. Lakini nilijitambua pale pale, kwa maneno ya Furaha.

Akili ilinijia kwa mkupuo mmoja, nikashika mlango. Ulozi unamtafuta mtu kwa jina lake. Kuku hana jina. Na mwanamke huyu aliwapenda kuku wake kuliko jamaa zake wengi, angewatupia sumu kwa mkono wake? Hajui! Ni majani. Ni tuta lenyewe, na yeye hajui, na siku zote ameonja kijiko kimoja tu, na sasa hivi atakula chungu kizima mbele ya bunduki.

Nikaita, "Mama!" Shangazi mmoja akasukuma mlango ukafungwa. "Nyamaza, mzazi. Leo si siku yako."

Waliufungua walipokaa. Mzazi alitakiwa aonekane, mimi ndiye niliyekuwa ushahidi. Nikaketishwa kizingitini. Ukoo umekaa nusu duara, Zakaria katikati. Vijana wawili walisimama kwenye uzio, mmoja na mkuki, mmoja na bunduki, taji za majani kichwani. Walikuwa watoto wa watu, mmoja ndevu hazijaota. Wapiganaji wale walikuwa wameoshwa kwa maji ya dawa ili risasi zisiwapate, na dawa ile ilikuwa na miiko mingi. Mwanamke asiwaguse. Na mwanamke aliyetoka kuzaa, akimgusa mpiganaji hata kwa kidole, dawa inakufa na mpiganaji atakufa nayo. Ndiyo maana walikaa mbali nami, macho yao hayaniachi.

Chungu kikaletwa, kinafuka mvuke. Mama Bahati akapiga magoti mbele yake. Akachota kijiko cha kwanza, akameza, akafungua mdomo kwa desturi yake, akinielekea mimi. Akachota cha pili.

Niseme nini? Nikisema majani yana sumu, nimemhukumu. Nikinyamaza, amejihukumu. Nikakaza kikwembe changu, nikasimama, nikapiga hatua kuelekea chungu.

"Mzazi anakwenda wapi?" Zakaria akauliza.

Nikaanguka. Nilikuwa nimefundishwa na kuku asubuhi ileile, nikaanguka kama kuku. Shingo nyuma, mikono ikapiga, miguu ikachimba, na mguu wa kulia ulipofika kwenye chungu niliupeleka kwa nguvu zote za miezi ile. Chungu kikapasuka. Supu ikaruka mpaka kwenye uzio. Nikabiringika katika majani ya moto, nikilia kilio ambacho sijui nilikitoa wapi, mpaka mkono wangu ukakamata kitu kigumu, nikakishika. Ulikuwa mguu wa kijana wa bunduki.

"Amenigusa!" alipiga kelele. "Mama yangu, mzazi amenigusa!"

Wakakimbia, jamani. Mmoja alipitia mlangoni pa uzio, mwingine aliupitia uzio wenyewe, na matete yakabaki na tundu la ukubwa wake. Hawakurudi kwenye nyumba ile tena, wala hawakupita mtaa wetu bila kuvuka upande wa pili. Zakaria alisimama akivitazama vigae. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema mwishowe, akachukua kofia yake. Watu wakaondoka mmoja mmoja.

Mama Bahati alinivuta ndani. Alinigusa, povu lisilokuwepo na yote. Alikuwa akinitoa majani kwenye nywele nikamshika mkono.

"Mama, tazama mtetea wako."

Alitazama nje. Yule mwekundu alikuwa amelala miguu juu kando ya mabua. Akatazama mabua. Akatazama jani lililokuwa mkononi mwake. Alikwenda nyuma ya ghala, akarudi na kopo lililofungwa kitambaa, na ndani mlikuwa na unga mweupe wa kijivu, unaonuka kidogo kama dawa ya viatu.

"Majivu ya pamba," alisema. "Bwana pamba alipokimbia, kule Runingu tulifungua depo yake. Kila mutu alijaza. Sisi tunamwagia mboga majivu siku zote, si unajua? Haya iko majivu ya wazungu, ya kuua wadudu wa pamba, nikasema yatakuwa na nguvu zaidi. Sikutaka mujukuu wangu anyonye majani ya matundu." Akaketi chini polepole. "Kwa hiyo iko minye."

"Ni majivu, mama."

"Na mukono wa nani uliyamwaga?"

Nilimlalia magotini, na alinibeba kichwa mpaka kikwembe chake kikalowa, sijui ni supu au ni machozi yangu au yake.

Kopo tulilizika mbali, juu ya kilima, siyo mtoni wanakochota watu. Tuta aliling'oa lote kwa mkono na kulifukia hukohuko. Na kuanzia siku ile mwanamke huyo aliyefundishwa kutoosha akawa muoshaji ambaye sijaona mwingine. Jani moja, jani moja. Anatupa yale ya nje. Analishika chini ya maji yanayomiminwa, anasugua mbele na nyuma kwa kidole gumba, mahali pa mshipa ambapo uchafu unajificha. Kisha maji ya chumvi, linalala humo kwa muda wa kuchambua mchele, kisha maji mengine safi. Maji ya kwanza hayapewi hata kuku. Nyanya na biringanya, sugua. Chungwa na embe, osha kabla ya kumenya, maana kisu kinaingiza ndani kilichoko nje. Sabuni hapana, utakula sabuni. Maji ya kuchemshia mboga usiyoijua ilikotoka, mwaga. Hayo ndiyo ninayowafundisha mlangoni. Na nawaambia pia kwamba kuosha hakutoi kila kitu. Kuna dawa inayoingia ndani ya jani, hiyo huwezi kuisugua. Muulize muuzaji amemwagia nini, na lini. Akikasirika, nenda kwa mwingine.

Sikupona siku moja. Nilianguka tena, na tena, ila kila mara kwa mbali zaidi, kama mgeni anayechoka kuja. Mara ya mwisho ilikuwa mvua ya kwanza ilipopiga bati. Bega lilirudi. Nywele zilizokuwa zimedondoka zilianza kuota laini kama za mtoto. Faida alirudishiwa kelele zake, na kidevu kikatulia, lakini bado alikuwa ananitazama kwa uzito kama hakimu.

Asubuhi moja Mama Bahati alikuwa ameketi mlangoni na beseni, na Faida nimempakata karibu naye. Alitoa fungu la lengalenga majini, akalikung'uta kwa desturi ya zamani. Maji yote yakampiga mtoto usoni. Faida alifumba macho, akayafumbua, akamtazama bibi yake. Akacheka. Kicheko cha tumboni, mdomo wazi, fizi zote nje.

"Amecheka!" Nilimsikia Mama Bahati akipaza sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Furaha! Amecheka na watu! Mukamwana, toka! Toka nje!"

Nilitoka kupitia tundu la yule kijana kwenye matete, maana lilikuwa karibu kuliko mlango.

Bahati alirudi amani iliporudi, na mengine ni maisha tu. Mama Bahati alizeeka mikononi mwangu. Mwishoni alikuwa hawezi kushika kijiko, nikawa namlisha mimi, supu ya lengalenga, na kila mara naonja kwanza, nafungua mdomo aone.

Siku moja akanizuia. "Usionje. Nakuamini." Akafumba macho, nikadhani amelala. "Mama Faida. Siku ile ya chungu, ulianguka kweli?"

"Nilianguka, mama."

Alinitazama kwa macho yake yaliyokwisha kuingia ukungu, na mdomo ukamcheza pembeni.

"Weye," alisema, "mutu wa kuanguka hakazi kikwembe chake kwanza."

Halafu akafungua mdomo, nikamlisha mpaka chini ya bakuli.